Zamu ya Tromboni

Nilifika Ntoto nimechoka hata kope zilikuwa nzito. Tulitoka Nyabiondo alfajiri, mimi na Joséphine-Marie nyuma ya motari mmoja, tromboni yangu imefungwa kwa mpira ubavuni mwa pikipiki, na kila tulipokuta tope tulishuka tukasukuma. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na ushei. Nimelima maharagwe, nimekimbia vita, nimerudi, nimekimbia tena, nimelea watoto wangu na wa wenzangu. Kusukuma pikipiki ya kijana mwenye afya zake si kazi niliyodhani bado inaningoja duniani, nami nilimwambia hivyo. Alicheka tu.

"Mama, sukuma," akasema. "Njo sport hiyo."

Halafu bariere. Kamba imefungwa kati ya miti miwili, wanaume wamekaa kivulini, na maswali ni yaleyale kila mahali. Jina nani? Baba yako nani? Unatoka mlima gani? Joséphine-Marie anajibu, anapita. Mimi nikisema Uwamwezi Solange, binti Dusabimana, wa Nyabiondo, naambiwa nikae pembeni kidogo ningoje. Jina langu ni la Kinyarwanda, na siku hizi huku kwetu jina la namna hiyo linatosha kukukalisha juu ya jiwe wakati wenzako wanapita. Babu yangu alizaliwa Nyabiondo. Baba yangu amezikwa Nyabiondo, kando ya shamba la mihogo ninalolima mwenyewe. Nimewaeleza haya watu wengi waliozaliwa juzi, na sasa sielezi tena. Nakaa kwenye jiwe, natoa muhogo wangu wa kuchoma, nakula. Wakichoka kunitazama wananiachia niende.

Safari hiyo nilikaa kwenye mawe mengi, na kila nilipoinuka Joséphine-Marie alinikung'uta sketi. Ni jirani yangu tangu tukiwa wasichana. Yeye ni Muhunde, ni mwimbaji, na ana sauti ambayo haihitaji mikro ila anaipenda mikro kuliko mume wake.

Tulikuwa tunakwenda kupiga kwenye jubilei ya parokia. Orkesta yetu inaitwa Osso Jazz, na ni orkesta kubwa, nikimaanisha watu, maana mali hatuna. Tukitimia, tarumbeta zina mstari wao, saksofoni wao, tromboni wao, halafu nyuma kuna gita, bezi, piano ya umeme yenye vibao kadhaa visivyolia, na tumba za Zéphyrin wa Buleusa. Jina tulilitoa kwenye mto Osso, kwa kuwa wengine tunatoka upande wa Masisi na wengine upande wa Walikale. Muziki wetu ni jazz na muziki wa Kuba vilivyopikwa sufuria moja. Pembe, yaani tarumbeta, saksofoni na tromboni, zinaongea kijazz, kila moja na maneno yake, na chini yake tumba na marakasi zinasukuma midundo ya mambo na cha-cha-cha, hata mzee mwenye fimbo anajikuta kiuno kimeanza kazi kabla yeye hajaamua. Albert, kiongozi wetu, anapenda kusimama mbele ya watu na kueleza jinsi ngoma za huku zilivyovuka bahari na watumwa, zikakaa Kuba, zikarudi kwetu ndani ya santuri. Anaieleza kila onyesho na kila onyesho anairefusha. Sisi wa tromboni tunautumia muda huo kupaka mafuta bomba zetu. Mimi natumia mafuta ya nywele, yanateleza vizuri na hayanuki.

Orkesta ilikuwa haijakutana yote tangu vita vilipotutawanya. Wengine walikuwa Goma kwenye kambi, wengine msituni kwa wajomba, Darius wa tarumbeta alikuwa mahali ambapo hata yeye hapendi kupataja. Kwa hiyo watu wa Ntoto walipotuma habari kwamba wanataka Osso Jazz, na wanaitaka nzima, kila mtu alikuja kwa njia yake. Lakini mimi sikuja kwa ajili ya jubilei. Nilikuja kwa ajili ya wito.

Wito ni desturi yetu, na sijui kama kuna orkesta nyingine inayo. Huku kwetu mtu hajisimamishi mwenyewe mbele ya watu akajitaja. Anayefanya hivyo anaonekana hana adabu, au hana watu. Ni lazima mwingine aseme: huyu ni fulani, mtoto wa fulani, wa mlima fulani. Ndipo unainuka. Baba yangu na wenzake walioanzisha Osso Jazz waliiingiza desturi hiyo ndani ya muziki. Wimbo wa mwisho wa kila sehemu ukifika katikati, pembe zote zinashika kipande kimoja kifupi na kukirudia bila kusimama, tunakiita mzunguko. Juu ya mzunguko Joséphine-Marie anaita: jina, baba, mlima. Anayeitwa anasimama, anapiga solo yake, anaketi, anaitwa mwingine. Na mzunguko haufungwi mpaka aliyeitwa apige. Ndiyo sheria. Siku moja Zéphyrin aliitwa akiwa amekwenda kujisaidia, tukazunguka tu, tukamngoja, mpaka akaja anakimbia ameshika suruali. Hapendi tuikumbushe.

Nimewaza mara nyingi kwamba maswali ya wito ni yale ya bariere. Jina, baba, mlima. Ila kwenye jukwaa unaulizwa ili usimame.

Mara ya mwisho nilipoitwa, baba alikuwa hai, amekaa mbele kwenye kiti cha plastiki, na jina lake lilipotajwa alitazama chini kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Yeye ndiye aliyekuwa tromboni wa kwanza wa Osso Jazz. Hii ninayopiga ni yake. Alipofariki tulikuwa tumefunga mizigo, risasi zinasikika upande wa pili wa mlima, tukamzika harakaharaka na kuondoka. Hakuna aliyesimama kwenye kaburi lake kusema alikuwa nani. Jambo hilo limenikaa kooni tangu siku hiyo. Nilijiambia: siku Osso Jazz itakapokutana tena, Joséphine-Marie ataita, na jina la baba litasemwa mbele ya watu, kwa sauti, na mimi nitasimama. Baada ya hapo naweza kurudi kwenye maharagwe yangu. Hicho tu ndicho nilichokitaka.

Tulivalia kwenye darasa la shule ya msingi. Nilikuwa nafunga viatu Albert aliponishika mkono akanipeleka nyuma ya jengo, penye kuni. Ni mtu mwembamba, Munyanga wa hapohapo Ntoto, na akiwa na jambo gumu anapangusa miwani yake isiyo na vumbi. Alipangusa.

"Solange, dada yangu," akasema. "Leo tutakuita Solange tu."

"Solange tu, namna gani?"

"Solange wa Osso Jazz, basi. Papa hapana, mulima hapana."

"Na bale bengine?"

"Bengine tutabaita sawa siku zote."

Nilimwuliza sababu, ingawa niliijua.

"Bantu bamekuja mingi, kuko bengine hatubajue," akasema. "Ule prezida wa bajeunes, Déo, tangu asubui iko nazunguka, iko nauliza bapiga muziki banatoka wapi. Siye tuko nakulinda, Solange. Kama kitu kinakupata hapa kwetu, mimi nitaweka uso wangu wapi?"

Albert si mtu mbaya, na hilo ndilo linalochosha. Mwaka ule tulipokimbia, ni yeye aliyetuficha nyumbani kwake, mimi na wanangu, akaapa mbele ya watu wenye silaha kwamba sisi ni shemeji zake. Mtu kama huyo utamtukanaje? Nilibaki na hasira yangu mikononi kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani, sijui niiweke wapi.

"Papa yangu hajatajwa tangu amekufa," nikamwambia. "Unajua vile."

"Najua. Siku ingine tutamutaja."

Siku nyingine. Mtu aliyekaa huku anajua siku nyingine maana yake nini. Nilirudi darasani. Joséphine-Marie alikuwa anafunga kitambaa kichwani, na alikuwa ameshakifunga. Alikifungua akakifunga tena ili asinitazame. Nikajua kwamba walishazungumza bila mimi, na kwamba yeye alikubali. Hapo niliumia zaidi.

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Gurupe ya umeme ilikuwa inanguruma nyuma ya choo na kutupulizia moshi, mawingu yalikuwa yamekaa chini, na kila mtu alitazama juu akiomba mvua ingoje. Déo nilimwona mara moja. Alivaa kitambaa cha protokole mkononi na alikuwa anapanga watu kwenye viti kwa kidole. Ni prezida wa vijana ambaye ndevu zake zina mvi na watoto wake wako sekondari; huku mtu akipewa cheo hicho haachii mpaka wamzike nacho. Nyuma yake walitembea wanaume wengine kadhaa wenye sura zisizocheka. Alinitazama. Alitazama tromboni. Akaendelea na viti vyake.

Tulipiga. Siwezi kusema tulipiga vibaya. Mwanzoni kila mtu aliogopa mwenzake, kama wanandoa waliokaa mbali muda mrefu, lakini kwenye cha-cha-cha ya pili tumba za Zéphyrin zilitukamata viunoni zikatupeleka. Saksofoni zilikuwa tamu. Darius, na uzee wote ule, alipandisha tarumbeta mahali ambapo mimi nisingethubutu hata kupatazama. Watu walisimama, masista walicheza, padri aliinua kanzu kidogo asije akaikanyaga. Mimi nilipiga sehemu zangu zote mahali pake na sikuhisi kitu. Mikono ilikuwa inajua kazi, nami nilikuwa nimekaa pembeni ndani ya kichwa changu, nimechoka, nangoja.

Ukafika wimbo wa mwisho wa sehemu ya kwanza. Pembe zikashika mzunguko. Joséphine-Marie akaita Darius, mtoto wa fulani, wa Ntoto, na watu wa Ntoto wakapiga kelele. Akaita saksofoni. Akaita Zéphyrin, na watu wa Buleusa wote waliokuwepo wakajitokeza. Kila mmoja aliitwa na baba yake na mlima wake, akasimama, akapiga, akaketi. Kisha akanigeukia. Macho yake yalikuwa juu ya kichwa changu.

"Solange," akaita. "Solange wa Osso Jazz."

Sikusimama.

Wala sikuwa nimepanga hivyo, naapa. Ni miguu yenyewe. Iliitwa nusu, ikakataa. Nilikaa na tromboni mapajani, na mzunguko ukaendelea, kwa sababu sheria ni sheria na aliyeitwa hajapiga. Joséphine-Marie akaita tena, kwa utamu zaidi, "Solange, dada yetu." Nikakaa. Albert akanitolea macho. Watu walidhani ni mchezo, wakacheka na kupiga makofi. Mzunguko ukaenda, ukarudi, ukaenda. Makofi yakapungua. Wanawake waliokuwa mbele wakaanza kuinamiana masikioni. Kule nyuma Déo alikuwa amesimama ameukunja mkono mmoja juu ya mwingine, hachezi, hacheki, anatazama.

Kama ningekuwa peke yangu ningekaa hadi mvua inyeshe. Lakini mzunguko unapigwa na watu, na watu wale walikuwa wametembea msituni kufika pale. Saksofoni zilianza kulegea. Zéphyrin alikuwa anatiririka jasho. Nilipogeuka nikamwona Darius: mdomo wake ulikuwa umechanika, damu inateremka kwenye tarumbeta, na bado anapiga, macho ameyafumba, kwa sababu dada yake wa tromboni hajasimama. Sikuweza tena. Nikasimama.

Nilipiga kwa hasira, na hasira, niseme ukweli, inafaa sana tromboni. Nilivuta sauti toka chini kabisa kama baba alivyokuwa anaivuta, nikaipitisha juu ya tumba, nikaikata, nikaichekesha, nikaishusha tena mpaka wale wa mbele wakashika vifua. Nilipoketi uwanja ulilipuka. "Solange, Solange," waliimba, watoto, masista, wazee. Albert alikuwa anacheka kwa furaha. Hakuna aliyeumizwa, hakuna aliyeuliza kitu, watu wote wananipenda. Walikuwa wanampenda mwanamke asiyetoka popote.

Ikaja saa ya kula. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, nyama ya mbuzi, na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwenye mitungi ya plastiki. Nilikaa kwenye dawati chini ya baraza pamoja na Albert, kwa kuwa hapakuwa na dawati jingine. Mama mmoja mzee aliyekuwa anagawa chakula alifika kwetu, akamtilia Albert, kisha akanitilia mimi nyama nyingi mno, akaniinamia.

"Pole, mama," akaninong'oneza. "Papa yako hakukutambua?"

Sikumwelewa.

"Bengine bote bamebaita na bapapa yabo. Weye peke yako hapana. Usilie, hata mutoto wa njiani ni mutoto wa Mungu." Akanipigapiga bega akaenda kwa wengine.

Nilimgeukia Albert. Alikuwa ameshika tonge la bugali hewani. Ndipo lilipomwingia alichokifanya. Katika kunificha alikuwa amenitangaza, mbele ya parokia nzima, na padri, na watoto wa shule, kuwa ni mtoto wa nje ya ndoa ambaye baba alimkana. Baba yangu, aliyenipeleka ubatizo mabegani mwake, aliyenifundisha kushika tromboni mikono yangu ikiwa bado mifupi, haifiki mwisho wa bomba, hata akanifungia kamba ya kusukumia. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kukosea kosa kama lile. Ilibidi ukulie huku, uijue desturi vizuri, na unipende. Nilitaka kucheka. Badala yake niliweka sahani chini.

"Sikuwaza vile," Albert akasema. "Solange, haki ya Mungu, sikuwaza."

Kabla sijamjibu Déo alikuwa amefika. Wale wanaume wake walibaki nyuma kidogo, wanakula. Alinisalimu kwa heshima, kwa mikono miwili.

"Mama, ulipiga muzuri. Papa yako njo Dusabimana wa tromboni?"

Albert aliinuka haraka mpaka dawati likayumba. "Huyu ni muntu wetu," akasema. "Ni wa orkesta, alikaa mu nyumba yangu, ni kama ..."

"Sijakuuliza weye, Papa Albert."

Nilikuwa nimechoka kuliko nilivyoogopa. "Njo yeye," nikasema. "Dusabimana wa Nyabiondo. Mimi ni mutoto wake wa kwanza, wa ndoa."

Déo akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Nilijua. Tangu asubui nilijua. Na bale bangu bote banajua. Papa yangu alikuwa naiga ile sauti ya Dusabimana na mudomo, mu shamba, siku yote, mpaka mama anamufukuza. Leo nilivyoisikia nikasema, njo ile." Akaitazama tromboni. "Tulikuwa tunangojea tuone kama benyewe ba orkesta batakutaja."

"Habakunitaja."

"Habakukutaja," akasema. "Sasa ona. Bajeunes bananiuliza: kama bantu bake benyewe banaogopa kusema huyu ni wetu, siye tuseme nini? Muntu mwenye hana wa kumutaja, ni muntu wa nani?"

Alisema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekueleza kwamba daraja la mbele limevunjika. Nilimtazama usoni nijue ananionya au ananihurumia. Sikuona jibu, na pengine hata yeye hakuwa nalo. Labda alikuwa amechoka kama sisi wengine.

"Mumutaje tu, Papa Albert," akasema. "Mutaje kamili. Hapana mwenye atasema kitu." Kisha akaenda kuwafokea watu walioegesha pikipiki mbele ya lango la kanisa.

Albert aliketi. Alipangusa miwani, akaivaa, akaivua, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyepokea habari kwamba mgonjwa amepona.

"Umesikia?" akaniambia. "Amesema tunaweza. Solange, umesikia? Amesema tunaweza."

Nilimwambia nimesikia. Alikula bugali yake yote, na nyama yangu.

Joséphine-Marie alikuja kukaa miguuni pangu kabla hatujapanda tena jukwaani. Alinishika goti.

"Mimi nilikataa," akasema. "Mara ya kwanza nilikataa. Kiisha Albert alinihesabia bale bamekufa, nikaogopa."

"Najua," nikamjibu.

"Umenikasirikia?"

"Sina nguvu ya kukasirika, Joséphine. Funga kitambaa chako, kinaanguka."

Sehemu ya pili ilikuwa fupi kwa sababu ya mvua iliyokuwa inakuja. Tulipiga bolero moja ya polepole, wazee wakacheza wameshikana, halafu Albert akasema twende moja kwa moja kwenye wimbo wa mwisho. Pembe zikashika mzunguko. Darius alikuwa amebandika kipande cha karatasi mdomoni na alipiga tu zile noti za chini. Joséphine-Marie akaita mmoja, akaita wa pili. Ilipofika zamu ya tromboni Albert alimwendea, akamwomba mikro. Alitaka kuita mwenyewe. Nafikiri ilikuwa namna yake ya kuniomba msamaha.

"Uwamwezi Solange," akaita. "Mutoto wa Dusabimana, tromboni wa kwanza wa Osso Jazz. Wa Nyabiondo."

Alikuwa ameita vizuri. Kila neno lilikuwa mahali pake, kwa sauti ambayo hata waliojikinga chini ya mabati ya kanisa waliisikia. Yule mama mzee wa chakula alipiga kigelegele, akamgeukia mwenzake kumweleza kwamba kumbe baba yupo. Watu wakapiga makofi, kama walivyowapigia wengine wote, si zaidi, si pungufu. Joséphine-Marie alikuwa analia waziwazi bila kujifuta.

Nilisimama, kwa kuwa baba alikuwa ametajwa na yeye hakuwa na kosa. Nilipiga wimbo ulivyo, polepole, bila kuupamba, kama mtu anayesoma jina la marehemu kanisani. Matone ya kwanza yalianza kupiga kwenye shaba. Nikamaliza, nikaketi. Nilikuwa nimekipata nilichokisafiria, chote, na kifua changu kilikuwa kitupu.

Albert alinigeukia kutoka mbele akitabasamu, anangoja nimrudishie. Nilitaka kumwambia kwamba nilimwona. Alipokwisha kushika mikro, kabla hajafungua kinywa kumtaja baba yangu, alitazama kwanza kule nyuma alikosimama Déo, akangoja aitikie kwa kichwa. Ndipo akaita. Lakini mvua ilikuwa imeshuka na mzunguko haujafungwa, kwa hiyo niliweka tromboni mdomoni nikapiga pamoja na wengine.